Ujenzi wa Mabanda ya Mafunzo ya Amali kwa Nguvu za Wananchi

Katika Unguja na Pemba, utaratibu wa wananchi kuanzisha jengo la umma na Serikali kulikamilisha si mgeni. Vyumba vingi vya madarasa vimepatikana kwa njia hiyo: wanakijiji hupandisha kuta hadi usawa wa linta, kisha Serikali huezeka, hupiga plasta na kutia samani. Utaratibu huo unafaa pia kwa shehia inayotaka banda lake la useremala, ushoni au ufundi umeme. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, iliyoundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 2006, ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji miongoni mwa vyengine, lakini nauli ya kila siku kuvifikia huwashinda wazee wengi.

Inafaa ieleweke mapema ni kazi gani ya kujitolea na ni ipi ya kulipwa. Kuchimba msingi, kusomba mawe, kuteka maji na kufyatua matofali ni kazi za watu wengi. Kupima, kusimamisha pembe na kufunga nondo ni za fundi, naye hana budi alipwe, kwani fundi asiyelipwa huondoka pale anapohitajiwa zaidi. Kila fundi wa kijijini apewe vijana wawili au watatu wa kumsaidia siku zote, si kila siku wapya. Kuta zikifika kwenye linta, vijana hao huwa tayari wanajua kujenga; kwa maana hiyo banda huanza kufundisha kabla halijapata paa.

Uharibifu mwingi hutokana na pupa. Matofali hupangwa ukutani siku mbili tu baada ya kufyatuliwa, ilhali yanahitaji kivuli na kumwagiliwa maji kwa siku 7 angalau, na zege hukadiriwa kufikia nguvu yake baada ya siku 28. Wengine huchota mchanga wa pwani kwa kuwa uko karibu. Chumvi yake hula nondo, na baada ya miaka michache linta hupasuka juu ya vichwa vya wanafunzi. Isitoshe, mchanga hauchimbwi bila ya kibali.

Kazi hukwama zaidi baina ya linta na paa. Hadi hapo kijiji kimejitosheleza kwa mikono yake; mabati, mbao na misumari huhitaji fedha taslimu. Ukuta uliobaki wazi hunyeshewa masika baada ya masika, nondo zilizochomoza hushika kutu, na wananchi waliotoa siku zao huvunjika moyo. Wakiitwa tena kwa kazi nyengine, hawatoki. Kwa hiyo kamati ya ujenzi isichimbe msingi kabla ya kujua nani ataezeka na lini.

Kamati zinazokusudia kuanza ziwasilishe kwa sheha mchoro wa jengo, ushahidi wa umiliki wa kiwanja na makisio ya vifaa vya kuezekea, ili vipelekwe Wilayani. Ziweke pia daftari la mahudhurio ya wanaojitolea na la vifaa vinavyoingia na kutoka, na madaftari hayo yasomwe hadharani kila mwezi. Msingi uchimbwe baada ya mvua za masika, yaani kuanzia mwezi wa Juni.