Je, Wajua? Bujora, Hazina ya Wasukuma

Kituo cha utamaduni cha Bujora, kilichopo Kisesa karibu na jiji la Mwanza, kilitokana na parokia ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeamini, tofauti na wamisionari wengi waliomtangulia, kwamba ngoma na mila za Wasukuma zilistahili kuheshimiwa na kuingizwa katika ibada. Ndiyo maana kanisa lake lilijengwa kwa umbo la msonge, yaani nyumba ya mviringo yenye paa lililochongoka.

Makumbusho ya kituo hicho yalifunguliwa mwaka 1968, miaka michache baada ya serikali kufuta utawala wa watemi, yaani watawala wa jadi, hatua iliyoziacha ngoma za kifalme na vifaa vingine vya utawala katika hatari ya kupotea. Jengo la watemi limeumbwa mfano wa kiti cha enzi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma hizo, ambazo zamani ziliaminika kubeba mamlaka ya mtemi mwenyewe. Jengo jingine linaeleza habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji ngoma ambavyo hushindana baada ya mavuno, kila kimoja kikijitahidi kuvuta watazamaji wengi zaidi kwa ufundi na kwa dawa. Mashindano hayo ndiyo roho ya kituo, kwa kuwa mila inayochezwa hudumu kuliko inayotazamwa tu, na hadi leo huchezwa Bujora katika tamasha la Bulabo, wakati wa sikukuu ya Ekaristi.