Mtoto Akimeza Sumaku, Mfikishe Hospitalini Mara Moja

Wazazi na walezi wanahimizwa kumpeleka hospitalini bila kuchelewa mtoto yeyote aliyemeza sumaku, hata kama anaendelea kucheza na halalamiki maumivu.

Wengi hudhani sumaku ni kama sarafu, kwamba itatoka yenyewe kwa choo. Sumaku moja mara nyingi hutoka hivyo. Hatari ni mtoto anapomeza mbili au zaidi, au moja pamoja na kipande cha chuma. Sumaku ndogo za kisasa zina nguvu nyingi. Zikiwa katika sehemu tofauti za utumbo, huvutana na kuzibana kuta za utumbo katikati. Damu haifiki palipobanwa, utumbo hutoboka, na uchafu humwagika ndani ya tumbo. Maambukizi yanayofuata yanaweza kuua.

Dalili

Mtoto anaweza kuumwa na tumbo, kutapika, kuwa na homa au kukataa chakula. Dalili hizi hufanana na za magonjwa ya kawaida ya tumbo, na mara nyingine huchelewa kujitokeza. Kwa hivyo, mweleze daktari wazi ni sumaku za aina gani, ngapi hazionekani na zilimezwa lini.

Matibabu

Daktari huagiza picha za eksirei, ya mbele na ya ubavuni, kwa kuwa sumaku zilizoshikana huweza kuonekana kama moja. Kipimo cha MRI hakifai, kwani mashine hiyo huvuta sumaku. Zikiwa bado kwenye umio au tumboni, huondolewa kwa mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Zikishaingia kwenye utumbo, mtoto hufuatiliwa kwa eksirei za kurudia. Zisiposogea, au hali yake ikizorota, hufanyiwa upasuaji.

La kufanya

• Usimtapishe, wala usimpe dawa ya kuendesha.
• Usimpe chakula wala kinywaji hadi aonwe na daktari.
• Usingoje kukagua choo.
• Kituo kikikosa eksirei, omba rufaa papo hapo.

Nyumbani, kagua vitu vya kuchezea, mapambo ya friji na vifungo vya mikoba. Zungumza pia na watoto wakubwa: baadhi yao humeza sumaku kwa bahati mbaya wanapozibandika ulimini wakiiga vipini.