Mstari Unaobaki: Uchongaji wa Chapa za Linoleamu kwa Kuzingatia Mbinu za Chapa za Mbao za Zama za Mwamko

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuchonga na kupiga chapa za linoleamu kwa kufuata mbinu za chapa za mbao zilizostawi barani Ulaya katika Zama za Mwamko, hususani mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16. Hoja kuu ni kwamba kinachofaa kurithiwa kutoka kwa mabingwa wa wakati huo si wembamba wa mistari yao, bali kanuni zilizoiongoza mistari hiyo. Ubao na linoleamu ni malighafi mbili zenye tabia tofauti. Kwa hiyo, anayenakili mstari kwa mstari hushindwa, ilhali anayetafsiri kanuni hupata chapa yenye uhai wake.

1.0 Utangulizi

Chapa ya mwinuko ni picha inayopatikana kwa kupaka wino juu ya sehemu zilizoinuka za kibao, kisha kugandamiza karatasi juu yake. Sehemu zilizochimbwa hazipati wino, hivyo hubaki nyeupe. Muhuri wa ofisi hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: maandishi yake yameinuka, yamegeuzwa kulia kuwa kushoto, na husomeka sawasawa pale tu yanapogonga karatasi. Anayeuelewa muhuri ameielewa nusu ya sanaa hii.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Anayechora kwa kalamu huongeza mstari mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mchongaji wa chapa hufanya kinyume: mstari mweusi anaoutaka ndio asiougusa. Chombo chake hupita upande huu na upande ule wa mstari, kikiondoa kila kisichotakiwa, mpaka mstari usimame peke yake kama ukuta mwembamba. Wengi wanaoanza hulisahau jambo hili. Huishika patasi kama kalamu, wakachimba palepale walipokusudia kuweka weusi, na chapa inapotoka huwa ni mistari myeupe juu ya uwanja mweusi. Chapa ya namna hiyo ina uzuri wake, lakini si lugha ya Zama za Mwamko. Lugha hiyo ilijengwa juu ya mstari mweusi unaobaki.

2.0 Chapa za Mbao katika Zama za Mwamko

2.1 Kibao na kitabu

Uchapaji wa herufi zinazohamishika ulipoenea barani Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 15, kibao cha mbao kilipata nafasi ya pekee. Sababu yake ni ya kiufundi. Herufi za risasi ni chapa ya mwinuko, na kibao pia ni chapa ya mwinuko. Kibao kikikatwa kwa kimo kilekile cha herufi, picha na maandishi hupakwa wino pamoja na kuchapwa kwa mgandamizo mmoja. Bamba la shaba, ambalo hubeba wino ndani ya mifereji yake, lilihitaji mtambo wa aina nyingine na kazi ya pili. Hivyo basi, kibao kikawa mwenzi wa kitabu.

Mfano mashuhuri ni kitabu cha historia ya ulimwengu cha Hartmann Schedel, kilichochapwa na Anton Koberger mjini Nuremberg mwaka 1493. Kina picha zaidi ya 1800 zilizopatikana kutokana na vibao takriban 645 tu, kwa kuwa kibao kimoja kilirudiwa mara kadhaa. Mandhari moja ya mji iliweza kusimama kwa niaba ya miji mbalimbali. Picha hizo zilichorwa katika karakana ya Michael Wolgemut, ambamo Albrecht Dürer alikuwa mwanagenzi kuanzia mwaka 1486.

2.2 Mageuzi ya mstari

Chapa nyingi za mbao za kabla ya Dürer zilikuwa na mistari ya mipaka tu. Mstari ulionyesha mahali kitu kinapoishia, na rangi iliongezwa baadaye kwa mkono. Mwaka 1498 Dürer alitoa mfululizo wa picha 15 kuhusu Kitabu cha Ufunuo, na humo mstari ulipewa kazi zaidi. Kwanza, mstari mmoja hunenepa na kukonda ndani ya mwendo wake, kama sauti inayopanda na kushuka. Pili, mistari hufuata umbo la kitu: juu ya shavu hupinda, juu ya ukuta hunyooka, ndani ya kunjo la nguo huzama pamoja na kunjo. Tatu, kivuli hujengwa kwa mistari sambamba iliyokaribiana, na mwanga kwa kuiacha mistari iachane au ikome kabisa. Matokeo yake ni kwamba picha haikuhitaji tena rangi. Mwanazuoni Erasmus alimsifu Dürer mwaka 1528 kwa sababu hiyohiyo, kwamba alieleza kwa mistari myeusi mambo ambayo wengine waliyaeleza kwa rangi.

2.3 Mchoraji na mchongaji

Ni muhimu kubainisha kwamba, kwa kawaida, aliyechora hakuwa ndiye aliyechonga. Mchoraji alichora juu ya ubao au alitoa mchoro uliohamishiwa juu yake. Mchongaji aliondoa mbao kuzunguka kila mstari. Mchapaji alipaka wino na kugandamiza. Tao la Ushindi la Mfalme Maximilian I, lililochapwa kwa vibao 195 na kufikia kimo cha takriban mita 3.5, lilichongwa na Hieronymus Andreae wa Nuremberg pamoja na wasaidizi wake. Vivyo hivyo, picha za Ngoma ya Mauti alizozichora Hans Holbein zilichongwa na Hans Lützelburger, aliyefariki mwaka 1526, miaka 12 kabla ya kitabu chenyewe kutoka mjini Lyon mwaka 1538.

Mgawanyo huu una maana kwa mwanafunzi wa leo, ambaye hufanya kazi zote tatu peke yake. Asipozitenganisha akilini, atajikuta akibuni huku anachonga, na patasi haina kifutio.

3.0 Tofauti ya Ubao na Linoleamu

Wachongaji wa Zama za Mwamko walipenda mbao ngumu zenye nyuzi laini, hasa za mti wa mpea, zilizopasuliwa kwa urefu wa shina. Chombo chao kikuu kilikuwa kisu. Kila mstari ulihitaji mikato miwili kwa kila upande: mmoja wa kuuwekea mpaka na mwingine wa kukutana nao ili kipande kitoke. Nyuzi za mbao zilikuwa rafiki na adui kwa wakati mmoja. Ziliupa mstari nguvu ulipokwenda sambamba nazo, na zilitishia kuupasua ulipozikata.

Linoleamu ilikuja baadaye sana, na haikukusudiwa kuwa nyenzo ya sanaa. Frederick Walton aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1863 kama zulia la sakafu. Hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyogandishwa kwa hewa, yakachanganywa na utomvu, unga wa mbao na unga wa gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, kisha mchanganyiko huo hutandazwa juu ya kitambaa cha juti, kama kile cha magunia. Haina nyuzi, kwa hiyo patasi huenda upande wowote bila upinzani. Hii ndiyo faida yake kubwa.

Hasara yake hutoka palepale. Kwa kuwa haina nyuzi, hakuna kinachoushikilia mstari mwembamba. Ukuta wa linoleamu wenye upana chini ya nusu milimita humeguka kwa urahisi au hulala chini ya mgandamizo. Picha za Ngoma ya Mauti zina ukubwa wa takriban milimita 65 kwa 50, na ndani yake mna vyumba, watu na mifupa kamili. Kuzichonga kwa kipimo hicho juu ya linoleamu ni kujitafutia hasara ya muda na ya bamba.

4.0 Hatua za Kazi

4.1 Kuchagua na kupunguza

Tuchukue mfano wa picha ya Kifaru aliyoichora Dürer mwaka 1515 kwa kutegemea maelezo na mchoro wa mnyama aliyefikishwa Lisbon kutoka India. Dürer hakumwona mnyama huyo, na kwa hakika alimpa pembe ndogo ya ziada mgongoni. Hata hivyo, mistari yake inashawishi, kwa kuwa kila bamba la ngozi limepewa uvungu na mwinuko kwa mistari inayolifuata.

Chapa hiyo ina takriban sentimita 21 kwa 30, yaani karibu sawa na karatasi ya A4. Ikikuzwa hadi A3, unene wa kila mstari huongezeka kwa takriban asilimia 41 tu, na mistari mingi bado itakuwa myembamba kupita uwezo wa linoleamu. Njia bora ni kuchagua sehemu moja, kwa mfano bega au mguu wa mbele, na kuikuza mara tatu au nne. Kisha mistari ipunguzwe: penye mistari mitatu ya kivuli ichorwe miwili au mmoja mnene, ilimradi mwelekeo na mwachano wake uhifadhiwe. Mchoro huu ukamilishwe kwa kalamu ya wino kabla ya patasi kushikwa, kwa kuwa penseli huruhusu kijivu, na bamba halijui kijivu.

4.2 Kuhamisha mchoro

Uso wa bamba usuguliwe kidogo kwa msasa laini na kupanguswa. Mchoro unakiliwe kwenye karatasi inayopenya mwanga, karatasi hiyo igeuzwe, kisha mistari ihamishwe kwa karatasi ya kaboni. Bila kugeuza, kifaru atatazama upande usio wake. Baada ya kuhamisha, inafaa kupaka uso mzima rangi nyepesi ya maji iliyokolea kidogo; kila mahali patasi ipitapo patang'aa, na mchongaji ataona chapa yake ikijitokeza kabla ya wino.

4.3 Kuchonga

Linoleamu baridi ni ngumu na humeguka. Ipashwe joto kidogo, hata kwa kuiweka juani kwa dakika chache. Patasi yenye ncha ya V itumike kwanza kuzunguka mistari myembamba, na bobari yenye mdomo mpana ifuate kuondoa nafasi kubwa. Kanuni tatu zizingatiwe. Mosi, kuta za mstari zielekee nje kuelekea chini, kama kingo za tuta. Ukichimba kwa ndani, mstari hukosa mguu na kuvunjika. Pili, bamba lizungushwe badala ya mkono kupindwa, na mkono usiochonga ubaki nyuma ya ncha daima. Tatu, ncha ya mstari unaokonda ipatikane kwa kuikaribisha mikato miwili polepole hadi ikutane, si kwa mkato mmoja wa ghafla.

Wachongaji wa zamani waliweza kutoboa kibao kilichoharibika na kuziba kwa kipande kipya cha mbao. Kwa linoleamu, urekebishaji huo ni mgumu. Kwa hiyo, inapokuwapo shaka, mstari uachwe mnene. Kesho unaweza kupunguzwa, lakini hauwezi kurudishwa.

4.4 Kupiga chapa

Wino wa mafuta utandazwe kwa rola juu ya kioo hadi uwe utando mwembamba na sawia, kisha upakwe kwenye bamba mara kadhaa kwa pande tofauti. Wino ukizidi, huziba nafasi kati ya mistari na kazi ya siku nyingi hupotea. Karatasi nyembamba ilazwe bila kusogezwa, na mgongo wake usuguliwe kwa mgongo wa kijiko kwa mizunguko midogo. Chapa ya kwanza ni ya majaribio. Humwonyesha mchongaji mahali weusi ulipozidi, naye hurudi kwenye bamba.

5.0 Kunakili na Kutafsiri

Suala la kuiga lilikuwa zito hata wakati huo. Marcantonio Raimondi alinakili juu ya shaba chapa za Dürer kuhusu maisha ya Bikira Maria, pamoja na alama ya jina la msanii mwenyewe. Mwaka 1511 Dürer aliweka katika kitabu chake onyo kali dhidi ya wanaojinufaisha kwa jasho la wengine. Leo kazi hizo ni mali ya wote, lakini swali la kitaaluma linabaki: mwanafunzi anayeiga anajifunza nini?

Anayenakili sura ya nje hujifunza uvumilivu. Anayeuliza kwa nini mstari huu umepinda na ule umekoma hujifunza kufikiri kwa mstari, na anaweza kuupeleka ujuzi huo kwenye uso wa bibi yake, jahazi au mbuyu. Wachongaji wa Kiafrika wamethibitisha kwamba linoleamu ina sauti yake. Azaria Mbatha wa Afrika Kusini na John Muafangejo wa Namibia, wote waliopitia kituo cha sanaa cha Rorke's Drift, walisimulia visa vya Biblia na vya jamii zao kwa weusi mzito na weupe mpana ambao linoleamu huubeba vizuri kuliko mistari ya unywele.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba chapa za mbao za Zama za Mwamko zilitokana na mahitaji ya kitabu, ugumu wa mpea na mikono ya watu watatu. Mazingira hayo hayapo tena katika karakana ya linoleamu. Zilizopo ni kanuni: mstari uliobaki ndio unaosema, mstari hufuata umbo, na mwachano wa mistari ndio mwanga. Mwalimu anayetaka kufundisha sanaa hii hahitaji mtambo wala mpea. Bamba dogo, patasi mbili, wino na kijiko vinatosha, mradi mwanafunzi aamue kabla ya kukata ni kipi hatakigusa.