Kipande Kilichopotea

Leo tutazungumza habari za kansa ya damu, na habari za bibi mmoja wa Marekani, Daktari Janet Rowley, aliyetuonyesha jinsi inavyoanza.

Kwanza tukumbushane. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya karibu kila chembe mna nyuzi ziitwazo kromosomu. Kwa kawaida ni 46: nusu zatoka kwa baba na nusu kwa mama. Nyuzi hizo hubeba maagizo ya kazi ya chembe: lini igawanyike na lini ikome.

Mwaka 1960 wataalamu wawili wa mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, walitangaza jambo la ajabu. Katika aina moja ya kansa ya damu, ile iendayo polepole, waliona kromosomu moja fupi kuliko kawaida. Ilidhaniwa kwamba kipande chake kimekatika na kupotea. Je, kilikwenda wapi?

Basi tumwangalie Bibi Rowley. Alizaliwa mwaka 1925. Alipotaka kusoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago, nafasi za wanawake zilikuwa 3 tu kati ya 65, nazo zilikuwa zimejaa. Akangoja miezi tisa. Alihitimu mwaka 1948, na kesho yake akaolewa. Alizaa wana wanne, na kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache tu kwa juma ili apate kuwalea. Alikwenda Oxford, Uingereza, pamoja na mumewe, na huko akajifunza kuchunguza kromosomu.

Taabu ni kwamba kromosomu nyingi zilifanana mno. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipatikana njia mpya ya kuzitia rangi, zikaonyesha milia. Kila moja ikawa na milia yake, kama vile kila mkeka ulivyo na nakshi yake. Bibi Rowley akazipiga picha, akazikata kwa mkasi, akazipanga juu ya meza ya kulia chakula. Watoto wakamtania kwamba mama anacheza na wanasesere wa karatasi!

Hapo mezani ndipo alipokiona kile kipande. Kromosomu ya 22 ilikuwa fupi, naam. Lakini ya 9 ilikuwa imezidi urefu. Kipande hakikupotea, kilihamia kwa jirani. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1973.

Jaribuni wenyewe. Chukueni kamba mbili, nyeusi na nyeupe. Kateni ncha ya kila moja, kisha fungeni ncha nyeupe kwenye kamba nyeusi, na ncha nyeusi kwenye kamba nyeupe. Hakuna kilichopungua, lakini penye fundo pamekutana vitu ambavyo havikukaa pamoja kamwe. Katika chembe, fundo hilo huleta agizo jipya: gawanyika, gawanyika, usikome. Hiyo ndiyo kansa.

Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba kasoro za kromosomu ni matokeo ya kansa, si chanzo chake. Bibi huyu hakukata tamaa, akaonyesha mabadilishano mengine katika kansa nyingine za damu. Fundo lilipojulikana, wengine wakatafuta dawa ya kulizuia agizo lile. Mwaka 2001 Marekani iliruhusu kidonge kiitwacho imatinibu. Zamani wagonjwa wengi walifariki baada ya miaka michache. Sasa wengi wanaokimeza kila siku huishi miaka mingi. Bibi Rowley aliishi akayaona hayo. Alifariki mwaka 2013.

Shikeni neno hili. Kansa hiyo si uchawi, haiambukizi, wala mzazi hamrithishi mwanawe. Mabadilishano hayo hutokea katika chembe ya mgonjwa mwenyewe. Mtu akichoka bila sababu, akakonda, au akavimba chini ya mbavu za kushoto, asingoje. Aende hospitali apimwe damu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Kipande cha kromosomu ya 22 kilikwenda wapi?
2. Kwa nini rangi mpya ilimsaidia Bibi Rowley?
3. Mtamjibu nini jirani asemaye kwamba mgonjwa wa kansa ya damu amerogwa?