Pedali ya breki ikizama, usishike njia ya Nimule

REJAF, JUBA – Ukivuka mto Nile kutoka Juba mjini unaingia Gumbo, katika eneo la Rejaf, na hapo ndipo barabara ya Nimule inapoanzia safari yake. Kati ya Juba na mpaka wa Uganda kuna kilomita 192 za lami, zilizokamilika mwaka 2012. Mfanyabiashara mwenye Probox au pikapu iliyojaa mizigo akague breki hapa, kabla ya mwendo kuchanganya.

Dalili ni rahisi. Pedali ni laini kama sifongo, lakini ukiipampu mara mbili tatu inakaza. Huenda hewa imeingia kwenye breki, au breki za nyuma zimelika. Mafuta ya breki hayashindiliki, hewa hushindilika; nguvu ya mguu inaishia kwenye hewa badala ya kufika kwenye magurudumu. Kupampu hakuponyi, na siku mtoto akikatisha barabara hutapata nafasi ya kupampu.

Mafuta ya zamani nayo ni hatari kwa sababu hunyonya unyevu. DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi 205. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwa nyuzi 140 tu. Nunua chupa ambayo haijafunguliwa, ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa tangi. Kamwe usiongeze oili ya injini, kwani huharibu mipira.

Kutoa hewa

Kazi inahitaji watu wawili. Zima injini, weka kabari, inua gari na ulikalishe juu ya stendi, si jeki peke yake. Tafuta kwanza panapovuja. Chomeka mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea hewa, ncha ya pili iwe ndani ya chupa yenye mafuta safi kidogo.

Mmoja akanyage pedali na kuishikilia. Mwenzake alegeze skrubu, mapovu yatoke, kisha aifunge kabla mguu haujaachia. Rudieni mpaka mapovu yaishe, huku mkiongeza mafuta ili tangi lisikauke.

Kwa kawaida anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Sudan Kusini huendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yatokayo Uganda na Kenya yana usukani kulia. Kwa hayo, anza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Usukani ukiwa kushoto, anza nyuma kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate.

Kabla ya kuondoka

Washa injini, kanyaga kwa nguvu na ushikilie nusu dakika. Pedali ikizama polepole, tatizo si hewa: kuna uvujaji au masta silinda imechoka. Mwite fundi, mzigo usubiri. Gari lenye ABS huenda likahitaji mashine ya gereji, na malori ya breki za upepo yana utaratibu wake.