Je, Wajua? Kidole, Kikombe cha Glukosi na Kadi ya Kliniki

Je, wajua kwamba Ilala, Dar es Salaam, ina historia yake katika utafiti wa kisukari? Watafiti waliwapima watu wazima wa eneo la Ilala Ilala, kisha wakawapima wenzao wa kijiji cha Shari, wilayani Hai, Kilimanjaro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Ilala, wanaume 5.9 na wanawake 5.7 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Shari ni wanaume 1.7 na wanawake 1.1. Tofauti hiyo ilihusishwa na unene, kukaa bila kuushughulisha mwili na maisha ya mjini kwa jumla. Na wakati huo bodaboda ilikuwa bado haijatuzoesha kupakiwa hata tukienda kununua unga.

Wajua pia kwamba mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walitangaza kuwa katika vijiji walivyopima, wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 kati ya 100? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukaja na takriban watu 9 kati ya 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64.

Namba ya kukariri ni 7. Sukari ya damu ya mtu ambaye hajala kwa saa 8 au zaidi ikifika 7.0 (mmol/L, kipimo cha kwetu), hicho ni kisukari, ingawa asiye na dalili hurudiwa kipimo siku nyingine kabla ya kupewa jina la ugonjwa. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kati ya 6.1 na 6.9 sukari imeshaanza kupanda na mtu anapaswa kufuatiliwa. Kwa kipimo cha wakati wowote, ikifika 11.1 na mtu ana kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara na anakonda bila sababu, jibu limepatikana. Ukiona FBG kwenye karatasi ya maabara, hiyo ni sukari ya kabla ya kula. RBG ni ya wakati wowote.

Shemeji akikuletea mashine kutoka Marekani ikasoma 126, usipige yowe. Kule wanatumia kipimo kingine: gawanya kwa 18, utapata 7 yako. (Hiyo 7 sasa ndiyo ya kukupeleka hospitali.)

Je, wajua kinachoharibu vipimo vingi vya asubuhi? Chai. Kaa saa 1 asubuhi kwenye benchi la nje ya maabara ya zahanati yoyote ya uswahilini, utayasikia mazungumzo haya:

"Shikamoo mama. Umekula?"

"Marahaba. Sijala, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nimekunywa chai tu."

"Ya sukari?"

"Ya kawaida. Vijiko vitatu."

Kijana wa maabara anarudisha kile kisindano mezani. Mama hakudanganya: kwetu chai bila kitafunwa haihesabiwi kuwa ni kula. Lakini damu inaihesabu. Maji matupu yanaruhusiwa. Chai ya rangi, uji, juisi ya miwa na ile soda ya kutuliza tumbo, hapana. Nadhani kosa ni letu tunaouliza. Swali lingekuwa "umeweka nini mdomoni tangu jana usiku?", foleni nyingi zingekuwa fupi.

Embe nalo lina kesi yake. Ukimenya embe kisha ukatobolewa kidole bila kunawa, mashine itapima sukari ya embe pamoja na yako, na namba itaruka juu. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, utobolewe ubavuni mwa kidole ambako maumivu ni kidogo. Stripi nazo haziipendi hewa ya unyevu ya Dar es Salaam: kopo lililoachwa wazi, au lililopita tarehe, hutoa majibu ya uongo.

Mwezi wa Ramadhani je? Aliyemaliza daku saa 10 na nusu alfajiri anakuwa ametimiza saa 8 ifikapo saa 6 na nusu mchana, basi aende maabara mchana. Wanazuoni wengi wanasema kutobolewa kidole hakubatilishi funga.

Je, wajua kwamba sisimizi walikuwa wapimaji kabla ya maabara? Waganga wa kale wa India waliandika juu ya mkojo unaovuta sisimizi, na hadi leo wapo wazee wanaotazama nyuma ya choo cha nje kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1776 daktari Mwingereza Matthew Dobson alionyesha kuwa utamu ule ni sukari kweli. Mafundi wa maabara wa zamani wanakumbuka dawa ya Benedict: unachanganya na mkojo, unachemsha, rangi ya bluu inageuka kijani, njano, hadi nyekundu ya tofali. Tatizo ni moja. Kwa kawaida figo huanza kumwaga sukari kwenye mkojo pale ya kwenye damu inapopita 10 hivi. Mtu mwenye 8 asubuhi kabla ya kula ana kisukari tayari, na sisimizi hawana habari naye.

Kwa mjamzito, mkojo unapotosha pande zote mbili. Mimba hulegeza kizuizi cha figo, hivyo sukari inaweza kuonekana kwenye mkojo wa mama ambaye damu yake haina shida. Mwingine mkojo wake ni safi na damu imepanda. Kwa hiyo kile kistripi cha mkojo cha kliniki kina kazi yake, hasa kutafuta protini inayoashiria hatari ya kifafa cha mimba, lakini mkojo safi usikufanye useme "mimi sukari sina."

Na hapa ndipo wengi hushtuka. Sukari ya 5.3 kabla ya kula, kwa baba aliyemsindikiza mkewe kliniki, ni nzuri kabisa. Kwa mkewe mjamzito, hicho ni kisukari cha mimba. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013 vinaanzia 5.1 kabla ya kula, 10.0 saa 1 baada ya kunywa glukosi, na 8.5 baada ya saa 2. Ikifikiwa au kuvukwa namba moja tu kati ya hizo, imetosha.

Kwa nini wakali hivyo? Mwaka 2008 ulitoka utafiti mkubwa uitwao HAPO, wa wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9. Ulionyesha kuwa kadiri sukari ya mama inavyopanda, hata ikiwa chini ya ile inayoitwa kisukari, ndivyo watoto wanavyozidi kuzaliwa wakubwa mno na upasuaji unavyoongezeka. Katika nchi hizo 9 hapakuwa na hata moja ya Afrika. Namba tunazowapimia mama zetu zilitoka Bangkok, Belfast, Chicago na kwingineko, jambo ambalo binafsi naona lingepaswa kutukera zaidi kuliko linavyotukera.

Kipimo chenyewe kinafanywaje? Unafika hujala, unatolewa damu. Unapewa gramu 75 za glukosi kwenye maji, takriban sukari ya chupa mbili za soda, unywe ndani ya dakika 5. Kisha unakaa. Huendi sokoni, huli, husogei sana. Damu inatolewa tena baada ya saa 1 na baada ya saa 2. Wengine hutapika, na ukitapika kipimo kimeharibika, unarudi siku nyingine. Beba kitafunwa cha kula ukimaliza.

Wakati wake ni wiki ya 24 hadi 28, kwa sababu kondo la nyuma likikua humwaga homoni zinazoipinga insulini ya mama, na upinzani huo huzidi katika nusu ya pili ya mimba. Lakini usingoje wiki hizo kama uliwahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, uliwahi kuwa na kisukari cha mimba, mzazi au ndugu yako wa damu ana kisukari, au una uzito mkubwa. Sema siku ya kwanza ya kufungua kadi. Ukikutwa na 7 au zaidi hujala mapema hivyo, huenda ni kisukari cha kawaida kilichokuwepo kabla ya mimba.

Lile "bonge la mtoto!" tunalolishangilia wodini linaweza kuwa dalili. Mtoto aliyelishwa sukari nyingi tumboni anaweza kukwama mabega wakati wa kutoka, na sukari yake mwenyewe ikashuka vibaya saa chache baada ya kuzaliwa.

Wajua mambo yalivyogeuka nchini? Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 na Andrew Swai na wenzake, kwa wajawazito wa vijijini Tanzania, haukukuta kisukari cha mimba hata kimoja. Mwaka 2014 Akwilina Mwanri wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walitoa matokeo ya wajawazito 910: mjini, yaani Dar es Salaam, 8.4 kati ya 100, vijijini 1.

Kuna kipimo cha HbA1c kisichohitaji kufunga, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Msingi wake ni uchunguzi wa Samuel Rahbar, mjini Tehran, mwaka 1968. Ikifika asilimia 6.5 ni kisukari. Hata hivyo selimundu, upungufu wa damu na kuongezewa damu karibuni huvuruga jibu lake, na kwa kisukari cha mimba hakitegemewi.

Mwenye kifua kikuu naye apimwe sukari. Mwanza, watafiti walikuta kisukari kwa 16.7 kati ya kila wagonjwa 100 wa kifua kikuu. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, ana kiu na anakonda, hahitaji miadi wala kufunga: kidole, leoleo.

La mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kondo likishatoka, sukari ya wengi hurudi chini, na familia inaona yamekwisha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa mama aliyepata kisukari cha mimba ana hatari zaidi ya mara 7 ya kupata kisukari cha ukubwani, akilinganishwa na ambaye hakukipata. Anatakiwa apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Arobaini inaangukia karibu na mwanzo wa muda huo, na chanjo ya mtoto ya wiki ya 10 iko ndani yake kabisa. Dada, siku hiyo ya chanjo toka nyumbani hujanywa chai, mwonyeshe nesi kadi yako ya mimba, na kabla mtoto hajachomwa sindano wewe uwe umeshatobolewa kidole.