Kijidudu cha mbung'o chenye siri katika kiini chake

WAFUGAJI wanaochunga ng'ombe katika eneo la bara la Lamu, kandokando ya misitu ya Boni na Dodori, wanamfahamu vyema mbung'o. Nzi huyo mfyonza damu hueneza nagana, maradhi yanayomkondesha mnyama, kumpunguzia damu na hatimaye kumwua.

Dawa zipo, lakini chanjo haipo. Taasisi ya ILRAD ilianzishwa jijini Nairobi mwaka wa 1973 kwa lengo la kutafuta chanjo ya nagana na ya ndigana kali. Zaidi ya nusu karne baadaye, ng'ombe bado hawezi kuchanjwa dhidi ya nagana. Sababu mojawapo imo ndani ya kijidudu chenyewe.

Kijidudu hicho, tripanosoma, ni kiumbe cha seli moja. Kama ilivyo kwa binadamu, DNA inayobeba urithi wake huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, mithili ya mshipi wa mvuvi unaozungushwa kwenye kipande cha mti.

Kwa kawaida histoni hubadilika polepole mno. Mwaka wa 1969, watafiti walilinganisha histoni aina ya H4 ya ng'ombe na ya mnjegere. Kati ya asidi amino 102 zinazoijenga, ni 2 pekee zilizotofautiana.

Tripanosoma hazikufuata mkondo huo. Ukoo wao ulijitenga mapema na ukoo wa wanyama, na histoni zao zikawa tofauti sana. Mwaka wa 2023, watafiti waliochunguza umbo la histoni za Trypanosoma brucei, mojawapo ya spishi zinazoleta nagana, waligundua kuwa haziikamati DNA kwa uthabiti kama zile za binadamu.

Jambo hilo lahusu pia kinga. Kijidudu hicho hujifunika vazi la protini takriban milioni 10 za aina moja. Kinga ya ng'ombe inapolitambua vazi hilo, baadhi ya vijidudu huwa vimekwisha kuvaa jingine, kutoka akiba ya jeni zaidi ya 2,000. Jeni moja tu hutumika kwa wakati mmoja, nyingine hunyamazishwa. Mwaka wa 2018, wanasayansi walipoondoa histoni mbili za pekee za kijidudu hicho, H3.V na H4.V, mavazi yalianza kubadilishwa mara nyingi zaidi. Ikabainika kuwa histoni hizo husaidia kudhibiti mabadiliko hayo.

Kuhusu malale, ugonjwa wa binadamu unaoletwa na jamaa wa kijidudu hicho, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka wa 2025 kwamba Kenya imeuondoa kama tishio kwa afya ya umma. Nagana ingalipo, na mfugaji hutegemea mitego, dawa za kuua mbung'o na sindano za kutibu mifugo.

Hata hivyo, tofauti hiyo ya histoni yaleta matumaini. Kisichofanana na cha ng'ombe chaweza kulengwa na dawa mpya bila kumdhuru ng'ombe mwenyewe.